Somo: Kunoa wembe wa kukunja, tuanze na ukanda

Wengi mnaoniuliza mmeshapata wembe, aghalabu wa zamani wa Solingen (Ujerumani) au Sheffield (Uingereza), wengine mmeurithi kwa babu, na mnataka kurukia jiwe. Nawaomba muanze na ukanda, yaani kipande kirefu cha ngozi cha kupitishia wembe. Jiwe utalihitaji mara chache kwa mwaka; ukanda ni kila unaponyoa. Na kanuni ni moja kote: mgongo na makali viguse ukanda au jiwe kwa pamoja, muda wote. Unene wa mgongo ndio unaopanga pembe ya kunolea, kwa hiyo ukiuinua, makali yanakuwa butu.

Ukanda. Hapa Moshi mkanda wa suruali wa mtumba wa pale soko la Memorial unatosha kujifunzia, mradi ni ngozi halisi, laini, usio na mishono wala nakshi. Ufunge kwenye kitasa cha mlango, uuvute ukakamae. Ukilegea, ngozi itayakunja makali. Laza wembe, mgongo utangulie na makali yafuate nyuma. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo, makali yakipita hewani, ndipo urudi. Anayegeuza kwa upande wa makali huchana ngozi siku hiyo hiyo. Nenda polepole, ile kasi ya vinyozi wazee itakuja yenyewe. Kabla ya kunyoa, pitisha kama mara 50, kwenda na kurudi.

Jiwe. Namba ikiwa kubwa, chenga za jiwe ni ndogo zaidi. La namba 1000 ni la wembe uliokufa makali au wenye mapengo. Kisha 4000 au 5000, halafu 8000. Wembe uliochoka tu, 8000 peke yake inatosha. Kwanza sawazisha jiwe: chora mistari ya penseli, lisugue kwenye msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo mpaka mistari yote iishe. Jiwe lenye bonde halinoi wembe.

Hapa mwendo ni kinyume cha ukanda: makali yanatangulia. Usikandamize, uzito wa wembe unatosha. Sasa yaangalie maji uliyololeshea jiwe. Makali yakikaa sawasawa, maji yaliyo mbele yake hupanda juu ya ubapa kwa usawa, toka kisigino (upande wa mpini) hadi ncha. Mahali maji yanapopenya chini, makali hayajagusa jiwe. Kama macho hayaoni vizuri, paka makapeni kwenye makali, pitisha mara mbili tatu, uone wino umebaki wapi. Usitoke kwenye 1000 mpaka wembe ukate nywele za mkono kwa urefu wake wote. Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi, na 8000 haiwezi kuifidia.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nina jiwe la kunolea visu na mapanga, litafaa?
Marahaba. Hapana, ni la chenga kubwa mno. Litayaachia makali meno, na uso utawaka.

Kaka, wangu unakata nywele za mkono lakini kidevuni unavuta.
Nywele za mkono ni kipimo cha 1000 tu. Rudi 8000, halafu ukanda. Ukinyoa, wembe ulale nyuzi kama 30 hivi, na ndevu ziwe zimelowa maji ya moto na povu.

Mimi ni kinyozi hapa Ngarenaro, Arusha. Naweza kuutumia kwa wateja?
Usifanye hivyo, ndugu yangu. Damu ikibaki kwenye makali, VVU na homa ya ini B vinaweza kupita kwa mteja anayefuata, na ukanda wa ngozi hauchemshwi. Kwa wateja tumia ule unaobadilishwa kiwembe, kila mtu kipya. Huu ubaki wa kwako peke yako.

Masika wembe wangu unapata kutu.
Ukimaliza kunyoa, ufute hadi ukauke, hasa pale kwenye msumari wa mpini, maji hujificha hapo. Paka tone la mafuta ya cherehani, na usiuhifadhi bafuni.