Muziki wa sehemu ya pili ya filamu ya muuaji na vijana: namna ya kuupanga, kuuombea leseni na kuumiksi

Filamu ya kwanza imeshawafundisha watazamaji kuusoma muziki wake. Fidla zikinyamaza ghafla, kisu kiko nyuma ya pazia. Piano ikigusa zile noti za mwanzo, kuna kinyago dirishani. Anayekuja kutazama sehemu ya pili ameshaujua mchezo, na ukimpigia muziki uleule atakuwa sekunde tatu mbele ya filamu kila mara. Kwa hiyo kazi kubwa ya muziki wa sehemu ya pili ni kuugeuza ujuzi huo umsumbue mwenyewe, ila bila kumlaghai kiasi cha kumuudhi.

Kagua muziki wa filamu ya kwanza

Kabla ya kutunga chochote, itazame filamu ya kwanza ukiwa na daftari. Chora safu tano: muziki unaingia dakika na sekunde gani, unatoka lini, ni ala gani zinasikika, kwenye picha kunatokea nini, na mwisho, je, muziki ulisema kweli au ulidanganya. Safu ya tano ndiyo yenye mali. Ukifika mwisho wa filamu utakuta kuna kanuni, hata kama mtunzi mwenyewe hakuiandika popote. Harry Manfredini, aliyetunga muziki wa Friday the 13th (1980), aliijua yake vizuri: muuaji akiwepo, muziki upo, asipokuwepo, kimya.

Kanuni ya namna hiyo ukiivunja mara moja katika sehemu ya pili, ukumbi mzima unaruka. Ukiivunja mara sita, hakuna tena anayeuamini muziki, na kuanzia hapo hata tukio la kweli linapita kama kelele. Uongo mmoja mkubwa na mwingine mdogo unatosha. Ule mdogo uweke ndani ya theluthi ya kwanza, watazamaji wanapokuwa bado wanajipima. Katika dakika 20 za mwisho usidanganye kabisa. Pale mtu anamtetea mhusika kwa moyo wote, na muziki ukimchezea shere anahisi filamu nzima imemchezea.

Melodia ya muuaji ni ya nani, na uiguse kiasi gani

Soma mkataba wa mtunzi wa filamu ya kwanza. Studio kubwa za Marekani kwa kawaida humlipa mtunzi kwa masharti kwamba kazi inakuwa mali ya studio. Filamu ya bajeti ndogo inaweza kuwa tofauti kabisa: mtunzi alibaki na haki zake na akatoa leseni kwa filamu ile moja tu. Hapo hata noti nne za melodia yake zinahitaji ruhusa mpya. Na kubadilisha ala hakusaidii. Melodia ileile ikipigwa kwa gitaa badala ya piano bado ina mwenyewe.

Ruhusa ikipatikana, usiwe na haraka ya kuifanya mpya. John Carpenter alitunga ile ya Halloween (1978) kwa piano katika mapigo 5 kwa hatua. Katika Halloween II (1981), akiwa na Alan Howarth, melodia na mapigo vilibaki, kilichobadilika ni rangi: sintesaiza nzito zenye sauti ya kinanda cha kanisani. Mtu aliitambua palepale, na palepale akajua mambo yamezidi kuwa mabaya.

Melodia ina vitu vitatu unavyoweza kuvichezea: umbali kati ya noti, mdundo, na rangi ya sauti. Hadi katikati ya filamu badilisha kimoja tu. Baada ya hapo unaweza kubadilisha viwili. Vyote vitatu kwa pamoja, umetunga wimbo mwingine na umepoteza ulichokilipia. Pia usiipige nzima mapema. Noti mbili, kisha tatu, kila mara ikikatwa kabla ya kutimia. Melodia kamili isikike pale manusura wa filamu ya kwanza anapokubali kwamba yameanza upya.

Sehemu ya pili mara nyingi ina muuaji mpya chini ya kinyago kilekile. Melodia basi ni ya kinyago, si ya mtu. Ukiipenyeza hata kidogo chini ya tukio la mpenzi mpya wa shujaa, watazamaji wenye masikio makali watamtaja muuaji kabla ya nusu saa. Washukiwa wote wapewe dozi sawa ya wasiwasi: fungu lilelile la noti zilizobanana, ala zilezile, sauti ya kiwango kilekile. Ni jambo dogo linalosahaulika sana, kwa sababu mtunzi anajua mwisho wa hadithi na mkono wake unamsaliti.

Muziki wa muda kwenye meza ya mhariri

Mhariri huweka muziki wa kuazima ili kupima mwendo wa tukio. Hatari yake ni kwamba mwongozaji akiusikia wiki kumi, wa kwako hautamkaa tena. Katika Scream 2 (1997), iliyotungiwa muziki na Marco Beltrami, matukio ya mhusika Dewey yalibaki na muziki wa Hans Zimmer kutoka Broken Arrow (1996) uliokuwa umewekwa kwa muda. Kwa sehemu ya pili, muziki mbaya kuliko wote wa kuweka kwa muda ni ule wa filamu ya kwanza, maana picha zitakatwa kwa mdundo wa zamani na utalazimika kuurudia. Mpe mhariri mvumo mtupu, ngoma isiyo na melodia, na maelezo ya kasi unayokusudia.

Kuhusu kasi, kuna hesabu moja ya kukariri. Filamu ikienda fremu (picha tuli) 24 kwa sekunde, gawanya 1440 kwa mapigo kwa dakika, utapata fremu kwa kila pigo. Kasi ya 120 ni fremu 12, 144 ni fremu 10, 160 ni fremu 9. Chagua kasi zinazotoa namba kamili na makato ya mbio za kichochoroni yatakaa kwenye mapigo yenyewe. Ila uliza kwanza kama mradi uko kwenye 24 kamili au 23.976. Tofauti ni sehemu moja kwa elfu tu, lakini katika dakika 10 inakuwa sekunde 0.6, yaani zaidi ya fremu 14. Kilio kitatoka mdomo ukiwa umeshafungwa.

Nyimbo za sherehe

Filamu hizi hazikosi sherehe, na sherehe haikosi wimbo. Kila wimbo uliorekodiwa una leseni mbili: moja ya utunzi, kutoka kwa kampuni inayosimamia haki za watunzi, na nyingine ya rekodi yenyewe, kwa kawaida kutoka kwa lebo. Kuwa na moja bila nyingine ni sawa na kutokuwa na kitu. Wimbo wenye watunzi watano unaweza kuhitaji saini za kampuni tano, na yule mwenye asilimia ndogo kuliko wote anaweza kuukwamisha. Wimbo wenye vipande vya sampuli una wenyewe wengine tena. Kuna pia kifungu cha usawa ambacho wenye haki hukipenda: upande mmoja ukiongezewa malipo, wa pili unapanda hadi hapohapo. Kwa hiyo usimwahidi mmoja kabla ya kujua mwenzake anataka nini.

Barua ya maombi itaje jina la filamu, sekunde ngapi zitatumika, kama wimbo unatoka redioni ndani ya tukio au unasikika juu ya picha, nchi gani, njia gani za kuonyesha, na kwa muda gani. Eleza tukio kwa ukweli, damu na yote. Wasanii wengi hawataki sauti zao juu ya mauaji, na ni bora ukataliwe kwenye karatasi kuliko filamu ikiwa imekamilika. Bajeti ikiwa finyu, omba leseni ya kuonyesha kwenye matamasha ya filamu peke yake, lakini bei ya matumizi mapana iandikwe humohumo. Filamu ikishafanikiwa, bei ya kesho si ya leo. Njia nyingine ni kurekodi upya wimbo kwa sauti ya msanii wako: unalipia utunzi, rekodi inakuwa yako.

Siku ya kupiga picha za sherehe, wimbo usisikike wakati wahusika wanazungumza. Ukiingia kwenye maikrofoni zao, kila kato litaruka katikati ya ubeti na mazungumzo hayataharirika. Wachezaji wape sekunde 15 za wimbo wenyewe washike mdundo, kisha badilisha kwenye mapigo matupu ya besi ya takriban Hz 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) kutoka kwenye sabufa, spika ya sauti nzito. Watu watacheza sawasawa, na fundi sauti atayakata mapigo yale baadaye kwa kichujio kinachoondoa chini ya Hz 80 bila kugusa maneno. Waigizaji nao waambiwe wapaze sauti kama watu walio kwenye kelele. Wasipoambiwa watanong'ona chumbani kwa sababu kuko kimya, na hakuna miksi itakayoficha hilo.

Wimbo wa ndani ya tukio ukiwekwa msafi kama ulivyotoka studio, unasikika umebandikwa. Uchezeshe kwa spika ya kawaida ndani ya chumba halisi, urekodi tena kwa maikrofoni iliyo mita 3 hadi 4, kisha changanya rekodi hizo mbili. Kwa redio ya gari bakiza kati ya Hz 300 na 4,000. Kwa sherehe inayosikika kutoka chumba cha pili, kata kila kitu juu ya Hz 500 hivi. Mlango ukifunguliwa, fungua kichujio kwa fremu 6 hadi 8, si papo hapo.

Mshtuo mmoja kwa karibu

Tuchukue tukio la sekunde 40: msichana yuko kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anakwenda kufungua kabati la mwisho. Sekunde ya 0, anza mvumo wa Hz 55 pamoja na fidla zinazoshikilia noti za E, F na F kali (F#) kwa pamoja, bila kutetemesha vidole, chini kabisa ya kelele ya feni. Usipandishe sauti. Kupandisha ndiko kila mtu anakokutegemea. Kuanzia sekunde ya 18 punguza polepole sauti za juu, ili masikio yaanze kutafuta. Sekunde ya 26 ondoa mvumo. Mtu hataweza kusema kilichoondoka, ila atahisi chumba kimepanuka. Anafungua kabati: nguo tu. Acha sekunde moja na nusu ya pumzi yake. Halafu ndipo.

Pigo lenyewe lina tabaka tatu. La kwanza ni mgongano wa chuma kati ya Hz 2,000 na 5,000, ufike kileleni ndani ya milisekunde 10. La pili ni mwili wake, tarumbeta au fidla zilizobanana kati ya Hz 200 na 800. La tatu ni besi ya Hz 40 hadi 60, nusu sekunde. Mkia wote uishe ndani ya sekunde moja na robo, la sivyo utameza mayowe. Liweke kwenye fremu ileile mkono wa muuaji unapoonekana. Likitangulia hata kwa fremu moja, limemwonya mtu. Likichelewa fremu moja si neno. Aliyekaa mita 14 kutoka kwenye spika anapata uchelewesho huo kwa mwendo wa sauti hewani.

Pigo linaloharibika huwa na kasoro moja kati ya mbili: ama hakukuwa na utulivu wa kweli kabla yake, ama besi ilikuwa inaendelea na kula nafasi. Ongezea kasoro ya wingi. Katika dakika 90, mishtuo mikubwa minne au mitano inatosha sana. Na ule wa uongo, rafiki anayegusa bega, usipewe sauti kubwa kuliko mauaji. Waongozaji huupenda, lakini unafanya kifo cha dakika inayofuata kionekane kidogo.

Miksi

Rekodi kwa kHz 48 na biti 24. Netflix hutaka mazungumzo yawe kwenye LUFS -27 (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti), na kilele halisi kisizidi dB (desibeli) -2. Hiyo inaacha nafasi kubwa kati ya maneno na kilele, na nafasi hiyo ndiyo mshtuo wako. Ukijaza muziki muda wote, pigo halina pa kupanda. Chini ya mazungumzo punguza muziki dB 2 hadi 3 kati ya Hz 1,000 na 4,000 badala ya kuushusha wote.

Sikiliza kwenye simu. Ule mvumo wa Hz 55 hautakuwepo kabisa. Ongeza mkwaruzo kidogo kwenye traki yake ili izae sauti za Hz 110, 165 na 220, na sikio litajijazia iliyopotea. Jaribu pia kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa sauti moja, kwa kuwa mvumo uliopanuliwa sana kushoto na kulia unaweza kujifuta wenyewe.

Albamu

Leseni ya filamu haikupi haki ya kuuza wimbo kwenye albamu; iombe kwenye barua ileile ya kwanza. Wimbo wa kwenye majina ya mwisho uagizwe mapema, hata kabla ya picha kukatwa, kwa sababu ndio utakaotangaza filamu. Amua kama albamu ni ya nyimbo au ya muziki wa mtunzi. Zikichanganywa, mnunuzi wa nyimbo anaruka nusu na mnunuzi wa muziki wa kutisha anaruka nusu nyingine.

Orodha ya matumizi ijazwe muziki ukiwa bado mezani: jina la kila kipande, watunzi na asilimia zao, wasimamizi wa haki, sekunde, na kama ulisikika na wahusika au na mtazamaji peke yake. Bila orodha hiyo, mirabaha ya televisheni haimfikii mtunzi, na kuitafuta miaka miwili baadaye kutoka kwa mhariri aliyeshahama kazi kunachosha kuliko kuitunga filamu.