Antigua kutoka Nairobi: fukwe, matanga na Nelson's Dockyard

Binamu yangu anaenda Antigua, kisiwa cha Karibea, na wiki nzima aliniuliza beach gani, hoteli gani, wakati ugumu wenyewe uko London, kwenye kubadilisha ndege. Naandika yote hapa, nimechoka kutuma voice note.

1. Tarehe. Desemba hadi Aprili. Juni mpaka Novemba ni msimu wa vimbunga, na Irma ya Septemba 2017 iliipiga Barbuda, kisiwa pacha cha Antigua, mpaka watu wote wakahamishwa. Aprili huwa na mashindano ya mashua za matanga, vyumba vya English Harbour, bandari ya kusini yenye hiyo Nelson's Dockyard, vinakuwa adimu.

2. Njia. Hapa tulia, soma mara mbili. Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hakuna, kwa hiyo wengi hupitia Marekani au Uingereza. Marekani haina habari ya kukaa tu ndani ya eapoti ukingoja ndege, kila abiria anapita uhamiaji, maana yake lazima uwe na viza hata kama unashuka kwa saa mbili. Uingereza nayo, mwenye pasi ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya kupita, na ziko aina mbili: ya kubaki ndani ya eapoti bila kuvuka uhamiaji, na ya kuvuka. Sasa mtego ni huu, unaweza kutua Heathrow halafu ndege ya Antigua ikaondokea Gatwick, zote zinaitwa za London lakini ni eapoti mbili tofauti kabisa, unavuka mpaka, unachukua begi, unapanda basi. Ile viza ya kubaki ndani haikusaidii kitu. Hata eapoti ikiwa moja, ukinunua tiketi mbili mbalimbali begi linaweza lisipitishwe, itabidi utoke ukalichukue, umerudi palepale. Mimi nasema nunua tiketi moja, hata ikizidi bei kidogo, na ule mtandao unaokupa bei rahisi kwa kuunganisha mashirika mawili yasiyojuana achana nao. Viza kwanza, hoteli baadaye. Masharti ya Antigua yenyewe kwa pasi yako angalia kwenye tovuti ya serikali yao.

3. Hela. Dola ya East Caribbean, 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Ukitajiwa bei uliza dola ipi, kabla hujakaa kwenye teksi. Gari wanaendesha kushoto kama kwetu.

4. English Harbour. Lala huku, sio St. John's, mji mkuu. Nelson, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alikaa hapa 1784 hadi 1787, karakana ya meli ikabaki na jina lake, Nelson's Dockyard, lakini mawe yalibebwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Nenda usimame kati ya zile nguzo nene za karakana ya matanga, paa halipo tena, uangalie ukubwa wa kila jiwe. UNESCO waliliorodhesha eneo hili 2016. Halafu endesha mpaka Betty's Hope, shamba la miwa lenye minara miwili ya kusagia. Ukianza na Betty's Hope ni bora zaidi, maana sukari ndiyo iliyofanya Waingereza wajenge bandari ya kuilinda. Watumwa waliachiwa huru tarehe 1 Agosti 1834.

5. Matanga. Kodi mashua yenye nahodha. Upepo unatoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo English Harbour kwenda Jolly Harbour, upande wa magharibi, unateleza tu, unasukumwa kwa nyuma, unakunywa soda. Kurudi ndio kubisha, yaani kwenda zigizagi dhidi ya upepo, maji usoni, na miamba ya Cades Reef iko hapo kusini magharibi inangoja asiyejua njia. Waliozoea dau watafurahi, wengine wameze dawa ya kichefuchefu mapema, sio baada ya kuanza kutapika.

6. Fukwe. Zote ni za umma, hata mbele ya hoteli. Magharibi, Darkwood, maji yametulia. Half Moon Bay iko mashariki, ina mawimbi, na ndiyo ninayoipenda.

7. Barbuda. Kwa feri, usijaribu mashua ya kukodi, kisiwa ni tambarare na kimezungukwa na miamba, huioni mpaka umeshaikaribia. Pale Codrington panda kiboti uingie lagoon, lile ziwa la maji ya chumvi, ukawaone ndege wa baharini waitwao frigeti, madume yanavimbisha mfuko mwekundu kooni. Feri hutegemea bahari, usiiweke siku ya mwisho kabla ya ndege.