Ukienda Kolo kuona michoro ya miambani

Kama uko Dodoma na una siku moja ya mapumziko, panda Kondoa ukaone michoro ya miambani ya Kolo, Urithi wa Dunia tangu 2006. Lami ya kwenda Babati inakufikisha hadi kijijini. Anzia ofisi ya kituo pale Kolo, ulipe kiingilio na upewe mwongozaji. Usipitilize moja kwa moja mlimani. Ondoka Dodoma alfajiri, maana kupanda kuna mawe na jua la mchana halina huruma. Vaa viatu vya kufunga, beba maji yako. Masika uliza kwanza hali ya njia, korongo likijaa gari ndogo haipiti.

Ukifika mwambani, tulia. Mwanzoni utaona madoa mekundu tu, kisha yanatokea taratibu: watu warefu wembamba, vichwa vikubwa kama vichaka, twiga, na pofu, yule swala mkubwa. Ile michoro minene myeupe ni ya baadaye.

Sasa naomba sana: usiguse, na usimwagie maji ili rangi ikolee kwenye picha. Watu wamefanya hivyo miaka mingi na michoro imefifia kwa sababu hiyo. Maji unayobeba ni ya kunywa.

Pia Mongomi wa Kolo, mmoja wa miamba hiyo yenye michoro, bado ni mahali pa matambiko ya Warangi, mvua na uponyaji. Ukikuta wazee wako kwenye shughuli yao, amkia, kaa pembeni, na picha upige wakikuruhusu.