Kuondoa Chembechembe Kwenye Picha za Papa Potwe Bila Kufuta Madoa Yake

Kati ya Oktoba na Februari, papa potwe hukusanyika upande wa magharibi wa Kisiwa cha Mafia, karibu na Kilindoni, kufuata planktoni, yaani viumbe vidogo sana vinavyoelea, inayojaa katika maji ya eneo hilo. Chakula hicho hicho ndicho kinachotokea pichani kama vumbi jeupe mbele ya samaki, na kukiondoa kwa programu ya kuhariri kunahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu papa huyu naye ana madoa meupe mwili mzima na kompyuta haiwezi kujua lipi ni doa la ngozi na ipi ni chembe inayoelea. Mpangilio wa madoa hayo hutofautiana baina ya papa mmoja na mwingine, na watafiti huutumia, hasa katika sehemu iliyo nyuma ya matamvua, kumtambua kila mmoja wao. Mbinu ya kompyuta waliyoitangaza mwaka 2005 ilitokana na ile ya wanaastronomia ya kulinganisha ramani za nyota. Anayefuta madoa matatu kwa brashi ameharibu utambulisho wa mnyama. Kwa hiyo safisha maji, na mwili wa samaki uuache hadi mwisho.

Kabla ya kugusa brashi yoyote, hifadhi nakala ya picha ghafi, kisha sahihisha rangi na mwanga, kwani chembe nyingi hujificha mpaka rangi ya bluu ipunguzwe. Vitelezi vya kuondoa ukungu na kuongeza ukali wa mistari hupendwa sana na wapiga picha wa majini, lakini vikitumika kwenye picha nzima huikuza kila chembe. Mchague papa peke yake, umwongezee ukali yeye tu, halafu chagua maji na upunguze ukali huo kidogo chini ya sifuri. Hatua hii moja huondoa sehemu kubwa ya kazi, na nashangaa ni wahariri wangapi huiruka wakakimbilia kufuta nukta mojamoja.

Chembe zinazobaki ndogondogo ziondoe kwa kifaa cha kuponya, kile chenye alama ya plasta ya jeraha. Katika programu ya Photoshop hufunguliwa kwa kitufe cha J, katika GIMP, ambayo ni ya bure, kwa kitufe cha H, na katika Lightroom Classic kwa Q. Humo ukibonyeza A picha hugeuka kuwa nyeusi na nyeupe, na chembe ambazo jicho lilizipita hujitokeza wazi. Kuza picha hadi asilimia 100, fanya brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko chembe, na ubofye chembe moja baada ya nyingine badala ya kuburuta, kwa sababu mburuto huacha michirizi inayoonekana mara picha inapochapishwa kwa ukubwa. Katika Photoshop fanya kazi hii juu ya tabaka jipya tupu, yaani karatasi angavu inayolazwa juu ya picha, ukiiagiza brashi ichukue sampuli kutoka matabaka yote, na katika GIMP juu ya nakala ya tabaka la picha, ili kosa lolote liweze kufutwa bila kuigusa picha ya chini.

Pale maji yalipojaa chembe kiasi cha kutohesabika, nakili tabaka zima na utumie kichujio cha Photoshop cha kuondoa vumbi na mikwaruzo (Dust & Scratches), kilicho katika kundi la vichujio vya chengachenga (Noise). Ongeza nusu kipenyo (Radius) polepole mpaka nukta zitoweke, kisha ongeza kizingiti (Threshold) mpaka maji yarudishiwe umbile lake la asili, maana bila hivyo yatafanana na plastiki. Weka barakoa nyeusi, yaani kifuniko kinacholificha, juu ya tabaka hilo na upake rangi nyeupe kwenye maji pekee, ukisimama mbali kidogo na ukingo wa mapezi.

Duara kubwa zilizofifia, ambazo ni chembe zilizokuwa karibu mno na lenzi, ndizo ngumu zaidi. Hapa tumia muhuri wa kunakili, kitufe S katika Photoshop au C katika GIMP, wenye ukingo laini, na uchague hali ya kutia giza (Darken) ili ubadilishe tu sehemu zinazong'aa kuliko sampuli. Sampuli yenyewe ichukue kushoto au kulia kwa duara, kamwe si juu wala chini yake, kwa kuwa maji huzidi kuwa meusi kadiri yanavyoshuka na kiraka cha kina kingine huonekana mara moja. Kama miale ya jua inapita hapo, fuata mwelekeo wa mwale.

Ndipo umrudie papa. Linganisha picha mbili au tatu za mfululizo mmoja: doa la ngozi hubaki mahali pake mwilini, ilhali chembe huhama. Kinachohama kiponye, usichoweza kukithibitisha kiache, na sehemu ya nyuma ya matamvua usiiguse kabisa. Acha pia planktoni kiasi mbele ya mdomo uliofunguka, kwa sababu ndiyo inayoeleza papa anafanya nini hapo. Watafiti wakiomba picha hiyo, wapelekee ile ghafi isiyohaririwa.