Somo: Mwanafunzi wa fildi kwenye karakana ya mashine za boti Kigoma, na namna ya kumfanya atake kurudi

Somo hili ni la wenye karakana, kuanzia Kibirizi hadi Katonga, wanaolalamika kwamba vijana wazuri wa ufundi wakimaliza chuo wanapanda treni kwenda Dar es Salaam. Wengi wao walifanya fildi hapahapa. Walichopewa ni ufagio, beseni la kuoshea vyuma na safari za dukani kufuata plagi. Kijana mwenye kipaji hutambua ndani ya siku tatu kama amekuja kujifunza au kutumwa, na darasa zima hupata habari kabla ya Jumatatu.

Hatua ya 1: Chagua kazi kabla ya kuchagua mtu. Tazama daftari lako la wateja. Toa kazi tatu zinazojirudia, ambazo mwanafunzi anaweza kuzianza na kuzimaliza kwa mkono wake. Kwa mashine za boti ni kuchanganya mafuta, kusafisha kabureta na kubadili impela ya pampu ya maji, yaani kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji ya kupoza injini. Kupasua injini nzima aitazame tu kwanza.

Hatua ya 2: Nenda chuoni mapema. Usingoje barua za maombi zikufikie, maana zinazokufikia mwishoni ni za waliokosa kwingine. Mwone mwalimu wa fani hapo VETA, chuo cha ufundi stadi, ukiwa na karatasi moja: kazi hizo tatu, jina la fundi atakayesimamia, saa za kazi, na posho. Fundi mmoja asimamie wanafunzi wawili, wasizidi. Wakiwa wanne, wawili watashika spana na wawili watashika simu.

Hatua ya 3: Andaa mashine ya kukosea. Tafuta mashine mbovu, ifunge kwenye stendi ya mbao, na weka pipa la lita 200 lenye maji kwa majaribio ya mashine inayowaka. Mwanafunzi asianzie kwenye mashine ya mteja anayeingia ziwani usiku huo.

Hatua ya 4: Kazi ya kwanza iwe impela. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha nani fundi.

Chomoa waya wa plagi kwanza, ili mashine isiwake mkono ukiwa kwenye propela. Tenganisha fito ya gia, fungua bolti, shusha mguu wa chini, ule wenye propela. Fungua nyumba ya pampu na mpe mwanafunzi impela ya zamani aikunje kwa vidole. Iliyochoka ina mabawa yaliyolala upande mmoja na hayarudi, au ncha zimelika kwa mchanga unaonyonywa boti ikisogea ufukweni. Aijue hiyo kwa kugusa.

Wakati wa kurudisha, mabawa yapakwe grisi isiyodhuru mpira, na shafti izungushwe kwa mwelekeo inaozungukia kazini huku nyumba ya pampu ikishuka. Kosa la kawaida ni kile kipini kidogo kinachoishika impela kwenye shafti. Hudondoka kwenye mchanga, na mwanafunzi huona aibu kusema. Shafti itazunguka, impela itasimama, na mashine itachemka katikati ya ziwa. Kwa hiyo tandika kitambaa cheupe chini kabla ya kufungua. Kisha mashine iwashwe ndani ya pipa, maji yakiwa yamepita kitundu cha kunyonyea, na msimamizi ahakikishe maji yanatoka nyuma. Hakuna kuwasha kavu, hata kwa sekunde chache.

Mafuta yana hesabu fupi: mashine ya mchanganyiko wa 50 kwa 1 inataka mililita 400 za oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) kwa lita 20 za petroli. Apime kwa chupa yenye alama. Akikadiria kwa kifuniko, oili ikipungua pistoni zitakwama, ikizidi plagi zitajaa masizi. Kitabu cha mashine ndicho cha mwisho.

Hatua ya 5: Saini kwa kazi. Daftari la fildi lisisainiwe kwa mahudhurio tu. Msimamizi aandike: impela, mara ya kwanza kwa msaada, mara ya tatu peke yake.

Hatua ya 6: Posho na ahadi. Nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha mchana, zilipwe kila Ijumaa bila kuombwa. Wiki mbili kabla ya kumaliza, kaa na unayemtaka umwambie kazi ipi, mshahara kiasi gani, aanze lini. "Ukimaliza tutaonana" haimbakizi mtu.

Maswali ya wanakikundi

*Mwenye karakana, Ujiji: Nikishamfundisha si atakwenda kwa jirani?*
Wengine wataenda, ndugu. Ila usimshikie daftari wala cheti chake. Atakwenda hivyohivyo, na chuo hakitakuletea mwingine.

*Mama mwenye kinu cha mawese, Mwandiga: Sisi hatuna injini za boti. Somo linatuhusu?*
Linakuhusu, mama. Badilisha kazi tu: kubadili mkanda, kukagua skrubu ya kukamulia, kuchuja mafuta. Kabla ya kugusa mkanda, injini izimwe; na kinga ya mkanda irudishwe kabla ya kuwasha tena. Uwachukue msimu ambao chikichi zipo, vinginevyo watakaa.

*Fundi, Katonga: Ameomba binti. Mashine ya farasi 40 ataiinua?*
Ina kilo 70 hivi. Hata wewe usiiinue peke yako. Funga winchi kwenye boriti. Andaa na choo chenye komeo na mahali pa kubadilia ovaroli, kwani hapo ndipo wengi hukwama.

*Mwingine: Anayeomba fildi kwangu ana miaka 17. Nimpokee?*
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kiwandani, melini au penye hatari. Inaacha nafasi kwa mafunzo yanayotambuliwa kisheria, akiwa amelindwa na kuelekezwa ipasavyo. Kwa hiyo aje kupitia chuo, kwa barua. Na kwenye majaribio ya ziwani abaki nchi kavu.