Somo: Kuchonga upinde mrefu wa mti kwa mkono, kwa anayeanza

Upinde hufia mgongoni. Mgongo ni upande unaotazama shabaha: ukivuta, unanyooshwa. Tumbo, upande unaokutazama wewe, linabanwa. Nyuzi za mti zikikatwa mgongoni, upinde utapasuka hapo hapo, basi kazi ya kupunguza unene tuifanye tumboni tu.

1. Mti. Tafuta gogo lililonyooka, la kama mita 2, lisilo na vifundo wala msokoto. Lipasue kwa kabari, maana kabari hufuata nyuzi, msumeno hauzijui. Paka gundi au rangi kwenye ncha siku hiyo hiyo, uweke kivulini penye hewa. Umekauka pale uzito unapoacha kupungua wiki hadi wiki. Kwenye miti mingi ya mbao nyeupe, bandua gome taratibu na sehemu iliyo chini yake ndiyo mgongo wako, tayari. Pinde zaidi ya 130 zilizopatikana kwenye meli ya kivita ya Kiingereza, Mary Rose, iliyozama 1545, zilikuwa za mti wa yu: mbao nyeupe ya nje mgongoni, kiini tumboni. Usijisumbue kuutafuta mti huo kwa upinde wa kwanza.

2. Umbo. Kwa mvuto (umbali wa kuvuta uzi) wa sm 70, urefu wa sm 180 unatosha. Kishikio sm 10 katikati. Upana sm 4 hadi nusu ya kila mkono (yaani sehemu ya upinde juu au chini ya kishikio), kisha upungue hadi sm 1.5 nchani. Wapo watakaosema upinde mrefu halisi ni mwembamba zaidi. Ni kweli, ila upana humsamehe mwanafunzi. Punguza tumbo kwa shoka na randa, acha unene wa ziada.

3. Kusawazisha. Hapa usiwe na haraka. Kata vijishimo vya uzi kwenye ncha kwa tupa ya duara, ubavuni tu, bila kuvuka mgongo. Funga uzi mrefu uliolegea, weka kishikio juu ya nguzo, vuta uzi kwa kamba iliyopita kwenye kapi huku umesimama mbali ukitazama mkunjo. Panapokataa kupinda, weka alama ya penseli, kwangua hapo tu, kisha vuta kidogo kidogo mara 30 ndipo utazame tena. Mti hauonyeshi mabadiliko papo hapo.

Ning'iniza mizani kwenye kamba. Ukitaka upinde wa kilo 18, yaani nguvu ya kuuvuta, usiuvute kamwe kupita kilo 18, hata kama uzi umesogea sm 20 tu. Ukiona mkunjo hauko sawa, usiongeze mvuto, rekebisha kwanza. Ncha zikipinda sawa kiasi cha sm 15, funga uzi mfupi, uendelee sentimita kwa sentimita.

4. Kumalizia. Viringisha kingo, piga msasa, paka mafuta au vanishi.

Maswali ya wanachama

*Fundi, sina gogo. Mbao ya dukani je?*
Inafaa, mradi mistari yake itembee ncha hadi ncha, usoni na ubavuni. Mstari ukitokea pembeni, iache. Utakataa nyingi kabla ya kupata moja.

*Mkono wa chini unapinda kuliko wa juu. Niongeze nini?*
Huongezi kitu. Kwangua wa juu, ulio mgumu, wala usiguse ule dhaifu. Utapoteza kilo kadhaa, kubali.

*Mwalimu, nimeona vimikunjo vyembamba tumboni, vimekata upana wa mkono. Nivipige msasa?*
Hapana, utazidi kupadhoofisha. Nyuzi zimepondeka kwa kupinda kupita kiasi. Kwangua pande mbili za hapo ili zichukue sehemu ya mzigo, upunguze na mvuto. Havitapona.

*Naweza kuujaribu bila mshale?*
Vuta na urudishe polepole. Ukiachia uzi mtupu, nguvu yote inarudi kwenye mti, na hata upinde mzuri huvunjika.

*Nikiutoa uzi haurudi kunyooka kabisa. Nimeuharibu?*
Ukibaki na mkunjo wa sm 3 hadi 5, ni kawaida. Ukizidi sana, mti ulikuwa na unyevu au uliuvuta mapema mno. Toa uzi kila umalizapo kulenga.