Kuhamisha swala pala bila kupoteza vinasaba vyao: kutoka kinyesi hadi lori

Mji wa Kampala umepata jina kutokana na swala pala, lakini leo ukitaka kuwaona wengi unashuka hadi Ziwa Mburo na ranchi za Kiruhura zinazoizunguka hifadhi. Mwenye ranchi akihesabu vichwa 200 huona ana kundi la kutosha. Kabla ya kukubaliana naye, piga hesabu nyingine.

1. Hesabu madume wanaopanda, si vichwa

Zidisha madume wanaopanda kwa majike wanaozaa, zidisha kwa 4, kisha gawanya kwa jumla yao. Madume 10 na majike 190 wanakupa 38. Kwa upande wa vinasaba, kundi la 200 linaishi kama kundi la 38, na kila kizazi linapoteza takriban asilimia 1.3 ya utofauti wake. Baada ya vizazi kumi imekwenda asilimia 12 hivi.

Usihesabu kwa siku moja. Dume mwenye eneo huchoka kwa kufukuza wenzake na hung'olewa baada ya wiki au miezi michache, kwa hiyo aliyepanda Machi huenda Julai yuko na makapera. Andika alama za pembe na masikio kwa miezi kadhaa. Kundi la makapera usilitie kwenye hesabu.

2. Kibali

UWA (mamlaka ya wanyamapori Uganda) kwanza, kisha UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia). Sampuli zikitoka nje ya nchi kuna kibali kingine. Anza mapema.

3. Kuokota kinyesi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kwa kupima DNA damu ni bora, lakini kumkamata mnyama kwa ajili ya damu tu ni kumhatarisha bure. Kinyesi kinatosha kikiokotwa vizuri.

Toka alfajiri. Tafuta kundi lililolala linacheua, subiri liondoke lenyewe, ndipo uingie pale lilipokuwa. Okota vigololi vinavyong'aa na vyenye utelezi. Ule ute wa juu ndio wenye seli za utumbo. Ndani ni majani tu, kwa hiyo usivipondeponde. Vilivyopasuka kwa jua viache. Vilivyonyeshewa viache pia, hata vikionekana vibichi, kwa kuwa mvua imeshaosha unachokitafuta.

Swala pala wana tabia ya kurudi kunya mahali pamoja. Rundo kubwa linavutia, nalo ni mtego: vigololi vya wanyama wanne kwenye chupa moja vinatoa majibu ya mnyama asiyekuwepo. Chukua rundo dogo lililo peke yake. Mtego mwingine ni mbuzi. Kwenye ranchi mbuzi na swala hula pamoja, na vigololi vyao hata mchungaji hupata shida kuvitofautisha. Iombe maabara ipime kwanza ni mnyama gani, sampuli zote, si chache za kujaribia.

Kwa kila rundo tumia glavu mpya na kijiti kipya. Tia vigololi 5 hadi 8 kwenye chupa ya mililita 50 yenye mililita 30 za ethanoli ya asilimia 96 au zaidi, vizame vyote. Spiriti ya kuoshea vidonda haifai: ina maji mengi na mara nyingi imechanganywa na vitu vingine. Waragi, hata ile kali ya kienyeji, waachie wanywaji. Kesho yake, baada ya saa 24 hivi, mwaga ethanoli na uhamishie vigololi kwenye chupa yenye punje za silika, ukitenganisha kwa karatasi safi. Silika ikibadilika rangi imeshiba maji, weka nyingine. Njia hii ya hatua mbili naipendelea kuliko barafu, maana barafu huyeyuka njiani, silika haiyeyuki.

Lebo iandikwe kwa penseli, kwenye karatasi inayokaa ndani ya chupa. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka ethanoli ikimwagika, na utabaki na chupa 50 zisizo na jina. Tarehe, kundi na namba za GPS ziandikwe pia kwenye daftari. Simu pekee haitoshi.

Okota marundo 50 ili ubaki na wanyama 30, kwa sababu mengine yatakataa kusomeka maabara na mengine yatakuwa ya mnyama yuleyule. Ukiwa na wanyama 30, aleli (umbo mojawapo la kinasaba) yenye kiwango cha asilimia 5 kwenye kundi una nafasi ya asilimia 95 ya kuiona.

4. Maabara

Pima maikrosatelaiti (vipande vya DNA vinavyojirudia, vyenye urefu unaotofautiana kati ya wanyama) 10 au zaidi, na kila sampuli irudiwe mara kadhaa. DNA ya kinyesi huweza kuficha aleli moja kati ya mbili za mnyama.

5. Nani apande lori

Wanyama 10 hubeba asilimia 95 ya utofauti wa kawaida, na hapo watu wengi huridhika. Lakini aleli ile ya asilimia 5 ina nafasi ya asilimia 36 ya kuachwa nyuma kabisa. Wakiwa 30, inashuka chini ya asilimia 5. Wachukue kutoka makundi tofauti. Ukibeba kundi zima la majike, wachanga wengi humo ni watoto wa baba mmoja.

Usichanganye na swala wa mbali kwa tamaa ya damu mpya. Namibia inahangaika na swala pala wenye uso mweusi waliozaliana na wa kawaida walioletwa kwenye ranchi.

6. Safari

Daktari wa wanyamapori ndiye anayeamua. Pima ugonjwa wa miguu na midomo kabla ya siku ya kukamata, kamata asubuhi kukiwa baridi, kufukuza kuwe kufupi. Swala aliyekimbizwa sana hufa kwa kuharibika misuli siku kadhaa baadaye, wewe ukidhani umefaulu. Madume wakubwa wavishwe mipira kwenye pembe au wasafiri peke yao.

7. Baadaye

Kila kizazi ongeza wageni wachache wanaozaa. Wengi huleta dume mmoja mzuri. Mimi ningeleta majike vijana watano. Dume mgeni anaweza kukosa eneo na kufa kapera, ilhali karibu kila jike atazaa.